Nyuma ya Ukuta wa Sakristia

Kwa miaka thelathini na saba Marsela Qamara alifagia kanisa la zamani la Karatu mjini, lile la mawe lililo kando ya barabara ya kwenda kreta ya Ngorongoro, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza kwa nini. Watu walidhani ni ucha Mungu tu. Kila Jumamosi alitoka kijijini kwake Bashay kwa miguu, akaingia sakristia, chumba cha mavazi ya padre, akakusanya vitambaa vya kufua, akafagia kuanzia altare mpaka mlangoni. Halafu alizunguka nyuma na kung'oa magugu chini ya ukuta wa sakristia, mahali ambapo hata wanakwaya hawakupita. Akimaliza alikaa hapo kidogo. Hilo nalo halikumshangaza mtu, maana aliyefagia kanisa zima ana haki ya kukaa kivulini.

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Felista, mjane aliyemzidi miaka minane, mkali wa maneno, anayekaa karibu na soko. Walifagia pamoja miaka ishirini. Waligawana kazi bila kupangiana: Marsela nyuma ya sakristia, Felista upande wa kaskazini karibu na tangi la maji. Walisimuliana habari za watoto, wajukuu, maharage na magonjwa ya ng'ombe. Marsela aliamini kwamba hakuna kitu cha Felista asichokijua.

Jumapili moja ya mwaka 2023, baada ya misa, padre alisimama kutoa matangazo. Wakati huo tulikuwa tumeshahamia kanisa jipya la juu mlimani, na lile la zamani lilikuwa limebaki kuwa stoo ya viti na mahema. Padre alisema baraza la parokia limekubali kulipangisha kwa mwekezaji. Sala ya kuliondolea wakfu ilikuwa imekwisha kusomwa. Ndani ya kuta zile kungekuwa na migahawa miwili na mkahawa wa kahawa, kwa ajili ya watalii wanaopanda kwenda Ngorongoro na kwa ajili yetu wenyewe pia. Vijana walipiga makofi kwa sababu ya ajira. Marsela aliniambia kwamba yeye hakusikia makofi. Aliona midomo ya watu ikicheka, akaona mikono ikigongana, lakini masikio yalikuwa kama yamezibwa na pamba. Alipotoka nje alishika ukuta, na mtu akamuuliza kama hajanywa chai.

Wiki tatu baadaye alikwenda kuangalia. Mabenchi mengi yalikuwa yamekatwa kuwa meza. Kibanda cha kitubio kilikuwa kimevuliwa pazia, na ndani yake, pale padre alipokuwa akikaa kusikiliza dhambi za watu, lilikuwa limesimama friji la soda na bia. Pale ilipokuwa altare, mafundi walikuwa wakijenga kaunta ya mashine ya kahawa. Marsela alitafuta mahali pa kuweka macho, akakosa.

Mwekezaji mwenyewe alikuwa pale, mtu anayeitwa Kisioki, Mmasai mzaliwa wa Oloipiri, aliyeongoza watalii miaka mingi kabla ya kuanzisha biashara zake. Si mtu wa majivuno. Alimpa Marsela kiti, akamwamkia shikamoo, na aliposikia kwamba ndiye aliyelitunza jengo, akamwonyesha ramani iliyobandikwa ukutani. Huku jiko, huku vyoo, huku upande wa kusini baraza la meza za nje chini ya mjakaranda.

"Na huku nyuma, mama," akasema, akiweka kidole nyuma ya sakristia na kukiburuta mpaka kwenye tangi la maji, "hapa tutachimba karo la maji machafu."

Marsela alimwomba arudie. Akarudia. Marsela akauliza kama karo haliwezi kuchimbwa pengine. Kisioki alieleza kwa upole kwamba ardhi inateremkia huko, na kwamba mhandisi ndiye aliyepachagua. Kisha akamtazama vizuri, akauliza kama kuna jambo lolote kuhusu mahali pale ambalo anapaswa kulijua.

"Hapana," Marsela alisema.

Neno hilo ndilo lililomtesa kuliko yote yaliyofuata.

Sasa ni lazima nieleze yaliyotokea Aprili 1986, ambayo kufikia siku ile ya ramani yalijulikana na mtu mmoja tu aliye hai, Marsela mwenyewe.

Marsela alikuwa na miaka ishirini na miwili, ameolewa na Valeriani, na ana mimba ya miezi saba, ya kwanza. Valeriani alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa upande wa Oldeani na alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Siku hiyo ilikuwa siku ya mnada. Marsela alikuwa mjini na kuku wawili wa kuuza, mvua ikaanza kunyesha, na uchungu ukamkamata katikati ya barabara. Mlango uliokuwa karibu ulikuwa wa kanisa. Katekista wa wakati huo, mzee Lazaro, alikuwa ndani akipanga vitabu. Alimwona yule binti amepiga magoti akadhani anasali, mpaka alipoona maji sakafuni. Alikimbia kumwita mke wake, wakamwingiza Marsela sakristia, na hapo hapo, juu ya zulia la zamani, mtoto akazaliwa. Alikuwa wa kike. Hakulia hata mara moja.

Anayejua mila zetu sisi Wairaqw atajua Marsela aliogopa nini. Mwanamke aliyezaa mtoto mfu alitengwa. Tuliita metimani. Hakuchota maji kisimani na wenzake, hakukanyaga shamba la mtu, hakuomba moto kwa jirani, na hali hiyo ilidumu miezi mingi. Mama mkwe wake alizishika mila hizo kwa mikono miwili. Na upande wa pili, upande wa dini, mzee Lazaro alikuwa amefundishwa zamani kwamba mtoto asiyebatizwa halazwi katika makaburi ya kanisa. Hakuthubutu kwenda kumuuliza padre wa wakati ule, kwa sababu alijua jibu kabla ya kuuliza.

Basi alichukua jembe, akazunguka nyuma ya sakristia kwenye mvua ile, akachimba chini ya ukuta. Ilikuwa ardhi ya kanisa, lakini haikuwa makaburi. Alisoma sala fupi. Alimwambia Marsela asimwambie mtu, na kwamba yeye mwenyewe hatasema mpaka kufa. Nyumbani Marsela alisema mtoto amezaliwa hai hospitalini, amebatizwa na nesi, amefariki na kuzikwa huko huko. Kwa kuwa waliamini alibatizwa, walimwombolezea kidogo kama Wakristo, yakaisha. Valeriani aliporudi baada ya wiki mbili alimpa pole, hakuuliza zaidi. Baadaye walijaliwa watoto wanne. Mzee Lazaro alikufa mwaka 2001, mke wake akamfuata, wote bila kufungua mdomo.

Hilo ndilo lililokuwa chini ya kidole cha Kisioki.

Kwa siku kumi na moja Marsela hakulala vizuri wala hakula vizuri. Mara mbili alifika mpaka kwenye nyumba ya padre akarudi kabla ya kubisha. Alipanga kumwambia Valeriani wakati wa kukamua ng'ombe, akaishia kumwambia habari za mahindi. Siku ya kumi na mbili aliamua kwamba atakwenda kwa Kisioki aseme yote, liwalo na liwe. Alipofika mjini alikuta watu wamejaa mpaka barabarani.

Mafundi walikuwa wameanza kuchimba asubuhi. Kabla ya saa nne jembe la mmoja wao lilitoa mifupa midogo, imefungwa kwenye kitambaa.

Marsela alipenya katikati ya watu kwa viwiko, akisema moyoni kwamba amechelewa. Alifika ukingoni mwa shimo, akaangalia. Halafu akaangalia tena, kwa sababu macho yake hayakukubali. Shimo halikuwa nyuma ya sakristia. Lilikuwa kaskazini, karibu na tangi la maji, hatua kama ishirini kutoka mahali anapopajua. Magugu yake yalikuwa hayajaguswa.

Mifupa ile haikuwa ya mtoto wake.

Aliniambia kwamba hapo ndipo alipoogopa kwelikweli. Kabla ya hapo alikuwa na siri, na siri mtu huizoea kama anavyozoea jiwe ndani ya kiatu. Sasa mbele yake palikuwa na kitu ambacho hakuwa na maelezo yake.

Askari walikuja, kazi ikasimamishwa, mifupa ikachukuliwa kwenda kuchunguzwa. Majibu yalisema ni ya mtoto mchanga na ni ya miaka mingi, lakini majibu yalikuja polepole na uvumi ulikwenda mbio. Kwanza tulisema mwekezaji ameleta kafara ili biashara ishike. Mafundi wawili waliacha kazi. Ilipojulikana kwamba mifupa ni ya zamani kuliko mwekezaji, tukageuka. Nani alikuwa na ufunguo wa kanisa miaka hiyo? Nani aliishi peke yake na mke wake pale uani? Jina la mzee Lazaro likaanza kutajwa, kwanza vilabuni, kisha sokoni, kisha mbele ya wajukuu wake. Nasema "tulisema" kwa kuwa hata mimi nilisema. Alinifundisha katekisimu, na bado nilisema.

Mkutano uliitishwa alasiri ya Alhamisi, ndani ya kanisa la zamani, kwenye mabenchi yaliyokuwa hayajakatwa bado. Padre alikuwepo, mwenyekiti wa mtaa, Kisioki, na watu kama mia mbili. Wanaume walikaa upande wa kulia kama zamani, wanawake kushoto, ingawa hakuna aliyewaambia. Mzee mmoja alisimama akasema maneno marefu, na mwisho wake ulikuwa kwamba Lazaro alikuwa mchawi, kwamba alikuwa akifukia watoto chini ya nyumba ya Mungu, na kwamba mwili wake utolewe kwenye makaburi ya waumini. Watu waliitikia kwa kichwa. Mjukuu wa Lazaro, mwanamke mtu mzima, alifunika uso kwa kitenge.

Marsela akasimama. Alikuwa hajawahi kusema katika mkutano wowote tangu azaliwe.

"Lazaro hakuua mtoto wa mtu," alisema. "Mmoja wa waliolala nyuma ya ukuta huu ni wangu. Yeye na mke wake walinizalisha mle sakristia, mtoto akatoka amekufa, na Lazaro akamzika kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumzika. Ni mwaka themanini na sita. Nikasema uongo nyumbani kwangu, na nimeusema mpaka leo."

Nje magari ya watalii yalikuwa yakipita barabarani. Padre alikuwa kijana, hajafika miaka arobaini, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi. Valeriani alikuwa amekaa upande wa wanaume, benchi la nne. Alichukua kofia yake, akainuka, akatoka bila kumtazama mke wake. Marsela alimwona akitoka, akabaki amesimama kwa sababu hakujua jinsi ya kukaa.

Kisha mwenyekiti akauliza kwa taratibu kama mifupa iliyopatikana ndiyo ya mtoto huyo. Marsela akajibu kuwa siyo. Wake yuko mahali pengine. Huyo hamjui.

"Huyo ni wangu."

Sauti ilitoka nyuma yake. Marsela aligeuka. Alikuwa Felista. Alikuwa amesimama akishikilia benchi la mbele, yule yule Felista mwenye ulimi mkali.

"Ni wa mwaka sabini na nane," alisema. "Lazaro ndiye aliyemzika. Nilimfunga na kilemba changu cha nailoni, cha bluu, chenye nukta nyeupe. Muulizeni fundi."

Fundi aliyetoa mifupa alikuwa amesimama mlangoni. Rangi ya kitambaa haikuwa imetangazwa popote. Alivua kofia akasema kweli, kilikuwa cha bluu, na nukta zilikuwa bado zinaonekana.

Marsela na Felista walitazamana. Miaka ishirini, kila Jumamosi, mmoja huku na mmoja kule, na ukuta katikati. Hawakukumbatiana. Marsela anasema jambo la kwanza alilolihisi halikuwa huruma bali hasira, kwamba mtu alikuwa hatua ishirini tu kutoka kwake na wote wawili wakawa wanazungumza habari za maharage.

Kabla hasira hiyo haijapoa, mwanamke wa tatu akasimama. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu ambaye nusu ya waliokuwemo walipita mikononi mwake. Wa nne alianza kulia kabla ya kuinuka. Wa tano alisimama akitegemea fimbo. Walipofika saba, mzee yule aliyetaka Lazaro afukuliwe alikaa chini, akainamisha kichwa mpaka kikagusa magoti. Mmoja wa wale saba alikuwa dada yake.

Padre hakuhubiri. Aliuliza tu kama wangependa kumwonyesha mahali, na wale wanawake wakatoka mbele, sisi tukafuata. Walionyesha mmoja mmoja. Kila mmoja alijua mahali pake kwa alama yake: jiwe la msingi lenye ufa, kona ya mfereji, hatua nne kutoka dirishani. Kisioki alikuwa amekuja na ramani yake mkononi. Aliikunja mara mbili akaitia mfukoni, na alipoulizwa atafanya nini alisema karo litakwenda upande wa barabara na maji yatasukumwa kwa pampu, na kama pampu haitoshi, basi wageni watakula kwenye sahani za karatasi.

Marsela alirudi Bashay kwa miguu. Valeriani alikuwa shambani. Aliingia jioni, akala alichopewa, akalala. Siku ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Hakumpiga, hakumtukana, hakumwita hata kwa jina. Majirani walipita kwenye njia ya nje na kunyoosha shingo. Wifi yake alituma ujumbe kutoka Mbulu kwamba hatakunywa tena maji ya nyumba ile, kwa sababu tangu mwaka themanini na sita alikuwa amelishwa uchafu bila kujua, na mpaka leo hajayanywa.

Siku ya nne walikuwa wamekaa uani wakipukuchua mahindi, kila mmoja na ungo wake. Valeriani akauliza bila kuinua macho.

"Alifanana na nani?"

Marsela alisema mikono yake ilisimama yenyewe. Alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi, na hilo halikuwemo.

"Mama yako," alijibu. "Paji la uso na masikio."

Valeriani aliendelea kupukuchua kwa muda mrefu. Kisha akasema mama yake angemtoa Marsela nyumbani. Marsela akasema anajua.

"Na mimi ningenyamaza," Valeriani akasema. "Nimefikiri siku tatu nikitafuta jibu lingine. Ningenyamaza." Hapo akalia, na Marsela, ambaye katika miaka karibu arobaini ya ndoa hakuwahi kumwona analia, aliinuka akaenda kusimama kando yake mpaka alipomaliza.

Padre alibariki ardhi ile mwezi wa Oktoba. Mifupa iliyofukuliwa ilirudishwa pale pale, ikiwa imefungwa kwenye kilemba kipya alichokinunua Felista. Majina yalisomwa. Wengine walikuwa na majina tangu zamani, yaliyotunzwa kimya. Mtoto wa Marsela hakuwa nalo, na ni Valeriani aliyesogea mbele akasema aitwe Angelina. Kisioki aliweka uzio mfupi wa mawe kuzunguka sehemu yote ya nyuma, kutoka sakristia mpaka kwenye tangi, na majani yakapandwa.

Migahawa ilifunguliwa Desemba. Sitasema uongo, chakula ni kizuri, na kahawa ni ya mashamba yetu wenyewe. Marsela alikataa kuingia mwezi mzima. Alikuja Jumamosi na Felista kung'oa magugu ndani ya uzio, wakaondoka. Halafu siku moja ya jua kali mhudumu aliwaletea chai kwenye meza za nje, na tangu siku hiyo wanakunywa, lakini hapo hapo nje.

Ilikuwa Jumamosi kama hiyo, Februari iliyofuata, ambapo mwanamke mmoja wa Kimasai alishuka kwenye basi la Loliondo akauliza kwa wahudumu mahali walipo wale mama wanaofagia. Jina lake ni Nanyori, anatoka Samunge. Alisema katika ujana wake alikuwa Karatu akifanya kazi za nyumba kwa mwalimu mmoja. Alisema amesikia habari za watoto wale redioni. Marsela hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alimshika mkono akamwelekeza kwenye uzio wa mawe.

Nanyori hakwenda huko. Alisimama akaangalia paa, akaangalia mjakaranda, akaanza kutembea polepole kuzunguka upande wa kusini, mkono wake ukipapasa ukuta. Marsela na Felista walimfuata. Alipita meza ya kwanza, akapita ya pili, na kwenye ya tatu akasimama. Wageni wawili walikuwa wamekaa wakinywa kahawa, na kamera zao ziko mezani. Nanyori aliangalia chini, katikati ya miguu yao.

"Ni hapa," alisema.

Watoto wa wale wanawake saba wote walikuwa nyuma, na sote tuliamini kwamba Lazaro alizika nyuma tu. Marsela anasema alisikia sauti ikitoka kifuani mwake ambayo hakujua ni yake. Alikuwa amekunywa chai hatua chache kutoka hapo Jumamosi ngapi, na watu wangapi walikuwa wameburuta viti vyao juu ya mtoto yule.

Mhudumu alikimbia kumwita Kisioki. Alikuja akiwa na kalamu sikioni, akamsikiliza Nanyori, ambaye aliongea naye Kimaa, lugha yao, maneno machache. Kisioki alifumba macho. Kisha akawaomba wageni wale radhi, akachukua vikombe vyao mwenyewe na kuwahamishia ndani. Alirudi, akashika meza upande mmoja. Felista alishika upande wa pili, na wakaibeba.